Mkamwana Asiyepisha Njia

Mzee Eliakim wa Ihanda alitumbukia mtaroni na baiskeli yake Jumatatu asubuhi, watu wanaona, na aliyemtumbukiza ni mkamwana wake. Hakumsukuma, hapana. Hata ukosi wa koti hakumgusa. Alichofanya Tumpale ni kuja tu, katikati ya njia, ndoo ya kahawa kichwani, uso kaukunja, anamtazama mzee moja kwa moja mpaka zikabaki hatua tatu. Sasa mzee wa watu afanyeje? Akaona heri mtaro kuliko aibu. Akakata usukani, akaingia na magurudumu yote mawili.

Kama wewe si mtu wa huku Mbozi utasema, ah, kupishana njiani tu, nako ni kosa? Ni kosa, tena kubwa. Katika familia zilizoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wakitokeana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia. Anaingia kwenye mibuni au migombani, anageuza mgongo, anangoja mpaka mzee apite. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Siku hizi wapo wanaoyacheka mambo haya, hasa mijini. Nyumbani kwa Mzee Eliakim hakuna aliyecheka.

Na Tumpale aliyajua yote, ndiyo maana nasema inauma. Alizaliwa Chapwa, pale Tunduma, kwa wazazi Wandali waliohama Ileje kufuata biashara ya mpakani, na mama yake alimfunda wiki nzima kabla ya harusi. Alijua atoke njiani. Alitaka kutoka njiani. Ila asubuhi ile alichokiona mbele yake ni kitu cha kahawia kinachokuja polepole, akadhani ng'ombe wa jirani. Alipong'amua kwamba ng'ombe amevaa koti, mzee alikuwa keshaingia mtaroni.

Akatua ndoo, akakaa chini palepale, akalia kwa aibu.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni mwa kanisa, wakati watu wanatoka. Mara ya pili mashineni, kwenye unga. Zamani mzee alikuwa akikohoa kwa nguvu akikaribia, na Tumpale akisikia kikohozi tu, huyoo, kwenye migomba. Mambo yalikwenda vizuri kabisa. Kisha siku moja mzee akachoka. "Nikohoe mpaka lini?" alimlalamikia mkewe. "Watu wataanza kuniuliza kama nimepima kifua. Ana macho huyo, atazame." Akaacha kukohoa, na balaa likaanzia hapo.

Kilichomuuma zaidi Tumpale si lawama za watu. Ni mbuzi.

Ngoja nieleze. Kwa kuwa mzee hawezi kumsemesha mkamwana, akiwa na neno alimwambia mbuzi aliyefungwa karibu na jiko, kwa sauti ya kutosha ipite ukutani. "Wewe mbuzi, chai ya leo imekolea tangawizi. Aliyeipika Mungu ambariki." Naye Tumpale, ndani ya jiko, anaiinamia sufuria yake: "Wewe sufuria, mwambie baba karibu tena." Miezi mitano waliishi hivyo. Yule mzee mkali, aliyeogopwa na kijiji kizima, alikuwa anamtania mkwewe kupitia kwa mbuzi kila jioni, na Tumpale alimpenda kama baba aliyemzaa. Jumatatu ile jioni alipika chai, akatia tangawizi ya kutosha, akasikiliza. Mzee alikunywa, akaweka kikombe chini, akaingia kulala. Mbuzi hakuambiwa kitu.

Kesho yake akaja shangazi Enesi, dada yake mzee, na yeye akija na maneno huyaleta kwa gunia.

"Mimi nilisema mapema," alisema uani, bila hata kupunguza sauti. "Watoto wa mpakani hawa. Wamezoea kuzozana na Wazambia kwenye foleni za malori, heshima waijulie wapi? Mkimpungia mkono, haitikii. Ukipita mbali ukamsalimu kwa kichwa, anakukunjia uso kama umemwomba chumvi. Huo ni ujeuri, kaka. Mkataeni mapema kabla hajazaa."

Likakatwa shauri: Jumamosi kitakaa kikao cha ukoo. Kama wakikubaliana, Tumpale atarudishwa Chapwa na sanduku lake "akafundwe upya". Haya, neno zuri hilo, lakini hakuna asiyejua maana yake. Waliowahi kurudishwa kufundwa upya hakuna aliyeitwa tena. Tumpale alikuwa na miaka ishirini na miwili, anampenda mume wake Ipyana, anaipenda nyumba ile yenye harufu ya kahawa mpaka kwenye mito ya kulalia, na zilibaki siku nne.

Aliyekuwa katikati ya moto wote huo ni Mama Fausta, mke wa mzee. Mwanamke mnene, mwepesi wa kufoka na mwepesi wa kucheka, ndiye msimamizi wa akina mama wanaochambua kahawa kwenye vichanja vya kuanikia vya chama cha ushirika. Hakutaka Tumpale aondoke. Lakini naye hakuelewa. Binti gani huyu, akiwa kichanjani anatoa punje yenye tundu la mdudu ambalo wengine hawalioni hata wakioneshwa, halafu njiani anashindwa kumwona mzee mzima mwenye baiskeli? Fausta aliliwaza hilo usiku kucha akakosa jibu. Akabaki na hasira tu.

Tena Fausta mwenyewe alikuwa na siri. Mwaka wa pili huu punje zilikuwa zinamtoroka. Akizisogeza karibu zinakuwa ukungu. Akinyoosha mkono zinarudi, lakini mkono nao umefika mwisho wake. Alikuwa anachambua kwa kupapasa, na kahawa mbovu zinapita. Kwa hiyo lilipotolewa tangazo kanisani kwamba Jumatano wataalamu wa macho watakuwa kituo cha afya, alijipangia kwenda kimyakimya, akamchukua Tumpale amsindikize. Wakiwa kwenye foleni, mama mmoja akamnong'oneza kwamba atakayekutwa na macho mabovu jina lake linapelekwa chamani, vichanja atavisikia kwenye redio. Uongo mtupu, lakini Fausta aliumeza wote.

Akamvuta Tumpale pembeni ya veranda.

"Nisikilize. Ndani kuna karatasi ukutani, wanauliza maandishi. Wewe una macho ya kijana. Nenda ukaikariri, uje uniambie. Mimi sifeli mbele ya hawa wanawake."

"Mama, lakini huu si mtihani."

"Nyamaza. Mtu akikuuliza maswali huku anaandika, huo ni mtihani."

Tumpale akamtazama mama mkwe wake. Alifikiri kwamba huenda hii ndiyo kazi ya mwisho kutumwa na mama huyu kabla ya Jumamosi, akaapa ataifanya vizuri. Akaingia, akakaa kwenye benchi, akatazama mbele. Aliona ukuta, na kwenye ukuta aliona kipande kilichokuwa cheupe kuliko ukuta. Hakushangaa. Tangu alipokuwa mdogo vitu vya ukutani vilikuwa hivyo. Ubao wa shule ulikuwa hivyo. Alinakili kwenye daftari la rafiki yake Judith mpaka kidato cha pili, wakaachanishwa madawati, akafeli, mwalimu akaandika kwamba hazingatii. Naye akaamini. Alidhani wenzake wote wanaona weusi uleule wa ubao, ila wao wana akili ya kuukisia.

Basi akainuka, akaenda mpaka ukutani. Akasogea, akasogea tena, pua ikabaki kidogo iguse karatasi. Hapo ndipo zilipojitokeza herufi E tupu, nyingine zimelala, nyingine zimegeuka, kubwa juu na ndogo chini. Akaanza kukariri kwa midomo: kulia, chini, juu, juu, kushoto.

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Dada," akasema yule mtaalamu, kijana mmoja mwenye sweta la bluu aitwaye Joshua, "hiyo tunaisoma, hatuinusi."

Wakacheka upya. Tumpale akasikia masikio yanawaka moto. Lakini Joshua mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alimtazama kidogo, akaweka kalamu chini.

"Hebu rudi nyuma, dada yangu. Mpaka pale kwenye mstari wa chaki. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, usilikandamize. Sasa hii E kubwa ya juu kabisa, ile ya peke yake. Vidole vyake vimeelekea wapi? Nioneshe kwa mkono."

Tumpale akakunja uso, ule uso wenyewe ambao shangazi Enesi aliuita ujeuri. Akakaza macho mpaka yakabaki nyuzi.

"E ipi?" akauliza.

Mtu mmoja benchini akaanza kucheka tena. Fausta, aliyekuwa amemfuata mkamwana wake ndani, akageuka akamtazama, na yule mtu kicheko kikamkauka mdomoni.

Joshua akachukua kadi nyeusi, ngumu, yenye tundu dogo katikati, tundu la kupita sindano tu. "Shika hii mbele ya jicho. Chungulia katika tundu. Usiwe na haraka."

Tumpale akachungulia. Mwanzoni giza. Kisha tundu likapata ukuta, ukuta ukapata karatasi, na katikati ya ule weupe ikasimama E. Nyeusi, kavu, yenye kona. Alishtuka mpaka akaitoa kadi, akatazama bila kadi: ukungu. Akairudisha: E.

"Kulia," akasema. "Inayofuata, chini. Kushoto. Juu."

Alishuka mistari mitano bila kukosea, mguu haujavuka chaki.

"Kwa nini anakunja uso hivi?" Fausta akauliza polepole. Hasira yote ilikuwa imemtoka na hakujua imekwenda wapi.

"Ndiyo tundu lake la siku zote, mama," Joshua akajibu. "Akibana kope, anabaki na upenyo mdogo wa kuonea, kama hili. Watu wa aina yake wote hukunja hivyo bila kujua. Macho yake ni mazima, shukuru Mungu. Yangekuwa na ugonjwa, mara nyingi tundu lisingemsaidia hivi, ningemwandikia aende hospitali kubwa. Shida yake ni kwamba jicho ni refu kuliko kawaida, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali inaishia njiani, haifiki pale inapotakiwa. Cha karibu anakiona kuliko mimi na wewe."

"Punje za kahawa," Fausta akasema.

"Punje za kahawa atakushinda kabisa."

Akammulika Tumpale kwa kijitochi, jicho hili na hili, akapima, akaandika. Kisha akamvalisha fremu moja nzito ya chuma, ya kupimia, akawa anatumbukiza vioo kimoja baada ya kingine: hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili? Mwishowe akasema, "Sasa toka mlangoni, utazame nje."

Tumpale akasimama kizingitini. Ng'ambo ya uwanja, kule getini, mbali kabisa, mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano alikuwa akiondoka. Aligeuka, akamwona Tumpale na lile dude usoni, akacheka kwa meno yote, akainua mkono akapunga. Tumpale alimwona akicheka. Alimwona kwa umbali wote ule, pengo la meno na yote.

"Mama," akaita, "kumbe watu huwa wanapunga."

"Wanapunga, ndiyo."

"Miezi mitano yote hii? Walikuwa wananipungia?"

Tumpale aliinua mkono, akapunga, akapunga tena na tena mpaka yule mwanamke akapotelea barabarani, na machozi yanatiririka chini ya ile fremu. Alilia kwa furaha na alilia kwa uchungu, vyote pamoja, wala hakujali foleni.

"Na baba yako," Fausta akauliza, "Jumatatu hukumwona kweli?"

"Nilidhani ni ng'ombe, mama."

Weee! Fausta alicheka mpaka akakaa chini. Alijishika mbavu, akapiga kiganja sakafuni, akarudia "ng'ombe!" mara tatu. Kisha kicheko kikageuka kilio katikati ya pumzi, akamvuta binti wa watu akamkumbatia. "Tunakuitia kikao, mwanangu," alisema. "Sisi wenye macho, tunakuitia kikao."

Zamu yake ilipofika alisahau hata kuogopa. Karatasi ya ukutani aliisoma yote mpaka mstari wa chini, kwa sauti ya kanisani. Alipopewa kadi ndogo ya kushika mkononi, hakuona hata herufi moja. Joshua akamweleza kwamba hayo ni ya umri, kioo cha ndani ya jicho hukakamaa mtu akishavuka miaka arobaini, hakuna cha kuficha wala hakuna jina linalopelekwa popote. Akampa miwani ya kusomea palepale. Fausta akatazama kucha zake, akasema, "Mungu wangu, na uchafu huu nimepika nao!"

Miwani ya Tumpale ilikuwa jambo jingine. Ilibidi itengenezwe Mbeya, wiki mbili. Kikao kilikuwa baada ya siku tatu. Fausta akaomba ile kadi nyeusi. Joshua akasema hiyo ni ya kazi, ila kipande cha boksi kilichotobolewa kwa sindano kitafanya vilevile, tena si kwa mkamwana tu. "Hata asiyeona karibu, mpe, juani. Lakini ni la kuonyeshea tu, mama. Haliwi miwani."

Fausta akatulia, akafikiri. Kisha akatabasamu peke yake njia nzima.

Ipyana alifika Ijumaa kutoka Tunduma, anakofanya kazi ya kuhakiki mizigo ya malori yanayovuka. Alipoelezwa alishika kichwa. "Mbona hukuniambia huoni?"

"Ningejuaje?" Tumpale akamjibu. "Wewe nakuona vizuri siku zote. Wewe huwa unakuja karibu."

Jumamosi wakakaa uani: mzee, Enesi, wazee wawili wa ukoo, Fausta na Ipyana. Tumpale alikaa kwenye kigoda jikoni, nyuma ya ukuta, na kila neno lilimfikia. Sanduku lake lilikuwa chumbani, hakulifunga. Alikuwa amekataa kulifunga mpaka aambiwe.

Fausta alieleza yote ya Jumatano. Enesi hakumwacha amalize.

"Wifi, usitufanye watoto. Mtu asiyeona ndiye anayeongoza kwa kuchambua kahawa kijiji kizima? Kipofu gani huyo wa kuchagua?"

Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Tumpale, jikoni, aliona kabisa jinsi gari la Tunduma litakavyokuwa Jumatatu, yeye na sanduku, na mama yake Chapwa akifungua mlango.

"Baba Ipyana," Fausta akasema, "somo la jana jioni ulisoma lipi?"

"Lile la siku zote."

"Na la juzi?"

Kila mtu pale alijua, na hakuna aliyewahi kulisema: huu mwaka wa pili, kila jioni Mzee Eliakim alifungua kitabu chake cha sala, akakishika mbali, akasoma somo lilelile moja. Watoto wa jirani walikuwa wanalijua kwa moyo. Wengine walidhani analipenda sana.

Fausta akainuka, akamwekea kitabu mapajani kwenye jua kali la saa tano, akakifungua mahali popote. Kisha akampa kipande cha boksi la sabuni.

"Nini hiki?"

"Chungulia kwenye tundu, mume wangu. Jicho moja. Kisha usome."

"Fausta, unanifanyia mchezo mbele ya watu."

"Soma."

Jikoni, Tumpale alisikia ukurasa ukinyooshwa. Kisha akasikia sauti ya mzee ikianza kwa kujikwaa, neno, tena neno, kama mtu anayepita gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Halikuwa somo la siku zote. Lilikuwa jingine kabisa, ambalo Tumpale hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Sauti ikashika kasi, ikanyooka. Akasoma aya ya kwanza, ya pili, akafika chini ya ukurasa, akafunua, akaendelea. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Wazee wawili walikuwa wamevua kofia.

Alipoacha, akaligeuza boksi mkononi.

"Mimi nilidhani wameanza kuchapa vitabu vibaya," akasema.

"Macho hayo hayo, baba," Ipyana akasema kwa upole. "Wewe mbali unaona, karibu huoni. Yeye karibu anaona, mbali haoni. Ndiyo maana kahawa na ndiyo maana njia."

Enesi akajikohoza. "Sasa umeamua nini, kaka?"

Mzee Eliakim, msidhani alilainika palepale. Mtu wa aina yake halainiki mbele ya dada yake. "Miwani ikija," alisema, "nitapita njia ile ile, saa ile ile. Sitakohoa. Akinipisha, yamekwisha. Asiponipisha, msiniletee tena maboksi."

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu, acha tu. Miwani ikafika Alhamisi, na Ipyana. Ijumaa na Jumamosi Tumpale alizunguka uani akigusa mashavu ya watu kwa macho, akijifunza nani ni nani kwa mbali. Jumapili kanisani alipunga mikono mpaka mchungaji akatabasamu. Usiku wake hakupata usingizi. Aliogopa. Je, akijikwaa? Je, kukiwa na vumbi?

Jumatatu asubuhi akabeba ndoo, akaishika njia ya vichanja. Baridi ya Julai, jua jipya, mibuni pande zote mbili. Pale kwenye kona ya mashine, mbali, mbali kiasi kwamba zamani pasingekuwa na kitu pale ila mawingu, akatokea mtu anasukuma baiskeli. Kofia. Koti la kahawia. Tumpale aliona mpaka vifungo, akavihesabu bila kukusudia: cha kwanza, cha tatu, cha nne. Cha pili hakikuwepo.

Akaacha njia. Hakukimbia, hapakuwa na haja, alikuwa na muda wote duniani. Akaingia kwenye mibuni, akatua ndoo, akageuza mgongo, akainamisha kichwa kama alivyofundwa. Magurudumu yakaja, tiki-tiki-tiki, yakakaribia, yakafika. Yakasimama.

Mbuzi hakuwepo pale.

"Wewe baiskeli," mzee akasema mwishowe. "Mwambie mwanangu leo hatuingii mtaroni."

Tumpale akaziba mdomo kwa kanga.

"Na umwambie nilikosa. Nilimkosea sana. Anisamehe."

Alilia, akacheka, akajipangusa chini ya miwani. Kisha akashika tawi la mbuni lililokuwa mbele yake.

"Wewe mbuni," alisema, "mwambie baba nimemwona tangu kule kwenye kona. Na umwambie kifungo cha pili cha koti lake kimekatika. Amwachie mama, nitakishona."

Mzee akaangua kicheko, kicheko cha tumboni ambacho Ihanda haikuwa imekisikia miaka mingi. Akaondoka anacheka, anapiga kengele ya baiskeli barabara nzima bila sababu, mpaka akina mama kule vichanjani wakainua vichwa.

Jioni, Tumpale alilikuta koti limetundikwa kwenye nguzo ya mbuzi. Akakaa kizingitini mwa jiko, akavua miwani akaiweka salama kwenye kisahani, maana kazi ya karibu hakuihitaji, akatunga uzi mara moja tu. Ng'ambo ya ukuta mzee alikuwa na miwani mpya ya kusomea aliyonunuliwa na Ipyana, anasoma somo ambalo hakuna aliyelitarajia, na hakutaka kuacha. Alipomaliza, kikombe kikagonga kisahani.

"Wewe mbuzi," akasema, "mwambie mwanangu leo chai haina tangawizi."

Tumpale akaweka koti chini, akaenda kuitafuta.